Saini ya Mkaguzi

Mwalimu alifundisha muziki miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kulidanganya sikio lake. Wanafunzi wake walikuwa wakisema ukikohoa kwenye korido atakwambia umekohoa kwa sauti gani, na kama kikohozi cha jana kilikuwa juu zaidi. Mkewe ni fundi saa. Mtaa mzima unamwita Jicho, kwa sababu ya ile lenzi anayoibana kwenye jicho la kulia kutwa nzima akiwa kibandani kwake. Alizoea kusema kwamba nyumba yao imegawana viungo: yeye jicho, mumewe sikio, na mdomo wanatumia wote kwa zamu.

Siku Mwalimu alipostaafu, watoto wao wawili walichanga wakamnunulia zawadi. Gramafoni yake ilikuwa imekaa kimya karibu mwaka mzima kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimekufa. Kichwa ni kile kidude kidogo, ukubwa wake kama jino la gego, kinachokaa kwenye ncha ya mkono wa gramafoni. Ndicho kinachoshika sindano, na sindano ndiyo inayopita kwenye mfereji wa santuri na kuusoma. Bila kichwa kizuri, hata uwe na spika kubwa kama kabati, utaambulia mikwaruzo.

Binti yao, muuguzi, alikuwa akifanya kazi katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Kila asubuhi akienda hospitali alipita mbele ya karakana moja yenye dirisha kubwa la kioo, na ndani aliwaona watu wa makoti meupe wameinamia meza kama madaktari wa upasuaji. Pale ndipo vichwa vya gramafoni vilipotengenezwa kwa mkono, kimoja baada ya kingine, na wapenzi wa santuri walivitaja kwa heshima ambayo watu wengine huwawekea wakwe. Bei yake binti hakuisema nyumbani. Kaka yake, dereva wa winchi, naye hakuisema. Lakini Jicho alipomwona mwanawe wa kiume amekuja kwenye sherehe ya baba yake na viatu vya mwaka juzi, alikisia.

Kichwa kilikuwa ndani ya kisanduku cha mbao, kimelala juu ya mahameli. Chini ya mahameli kulikuwa na kadi ngumu ya ukaguzi. Iliandikwa namba ya kichwa, 4117, kisha safu ya vipimo hadi sehemu ya elfu, tarehe ya miezi miwili nyuma, na mwisho kabisa saini ya wino wa bluu yenye mkia mrefu, juu ya maneno Mkaguzi Mkuu. Mwalimu aliisoma kadi ile mbele ya wageni tangu juu hadi chini, kama mtu anayesoma cheti cha ndoa. Alisema duniani bado kuna watu wanaoweka jina lao kwenye kazi yao.

Wageni walipoondoka alasiri ile, alikifunga kichwa kwa mikono yake, akapima uzito wa mkono wa gramafoni, akaweka santuri ya kwaya aliyoinunua kabla hajaoa. Jicho alikuwa anaosha vyombo. Alisikia santuri inaanza, inakatizwa, inaanza tena. Mara ya tatu. Mara ya nne. Alipochungulia kuuliza zawadi inasemaje, mumewe alitabasamu, akajibu kwamba ni nzuri mno, watoto wamefanya jambo kubwa.

Alikuwa anadanganya. Alichosikia kilimtoa kijasho chembamba. Zile sauti nne za kwaya, ambazo aliweza kuzitenganisha kama mtu anavyotenganisha watoto wake, zilikuwa zimegandamana. Kila waimbaji walipofika kwenye herufi s, ilitoka kama maji yanayodondokea mafuta ya moto. Kadiri sindano ilivyosogea katikati ya santuri ndivyo sauti za juu zilivyopasuka. Aliweka santuri nyingine, na nyingine tena, na zote zilikuwa hivyo hivyo. Waya alizikagua, spika alizikagua, gramafoni aliipima kwa kipimamaji cha seremala. Kulikuwa na vitu viwili tu vilivyobaki kushukiwa: kichwa kilichopimwa na bingwa hadi sehemu ya elfu, na masikio ya mzee aliyestaafu siku hiyo hiyo. Haikumjia hata mara moja kukishuku kichwa.

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Mwalimu aliyaficha maradhi ambayo hakuwa nayo. Alikwenda hospitali bila kumwambia mtu, akakaa kwenye kichumba cha kupimia masikio, akavalishwa vifaa, akabonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Mpimaji alimwambia kwamba masikio yake ni ya kawaida kwa umri wake. Mtu mwingine angetoka pale anapiga mluzi. Yeye alilisikia neno umri tu, akarudi nalo nyumbani kama mtu aliyebeba jiwe mfukoni.

Jambo lililomvunja zaidi lilitokea kwenye kwaya. Alikuwa akiongoza kwaya ya watu wazima iliyofanya mazoezi kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa shule. Mmoja wa waimbaji wa sauti ya tatu, karani wa posta, alianza kuimba noti moja chini kidogo ya inavyotakiwa. Zamani Mwalimu angemnyooshea kidole kabla hajamaliza kuivuta. Safari hii alisita. Alijiuliza: je, ni yeye anayekosea, au ni mimi? Akaiacha ipite. Wiki iliyofuata akaiacha tena. Wiki ya tatu aliwaona waimbaji wawili wakitazamana, akajua kwamba wao wameisikia na wanamsubiri yeye. Jumatatu yake aliandika barua ya kujiuzulu, akasema anataka kupumzika na wajukuu. Wajukuu hana.

Jicho aligundua yote kwa mpigo mmoja, akiwa anapiga pasi. Katika mfuko wa shati la mumewe alikuta karatasi ya hospitali, na nyuma yake mwandiko wa Mwalimu mwenyewe, rasimu ya ile barua ya kwaya. Alizima pasi, akaenda sebuleni akaiweka karatasi juu ya magoti ya mumewe.

"Hii ni nini, Mwalimu?"

"Masikio yangu yamekwisha," akasema. Alisema taratibu, bila kumtazama. "Watoto wameninunulia kitu kizuri kuliko vyote, na mimi siwezi tena kukisikia. Usiwaambie."

Jicho alikaa. Hakuwahi kumwona mumewe hivyo, hata siku walipomzika mama yake Mwalimu. Kisha yale mazoea ya kazi yake, ya kutafuta kwa nini kitu hakiendi, yakamrudia. Alimkumbusha kwamba jana yake alikuwa ameacha kula, akatoka nje kumwambia jirani kwamba bomba lake linavuja nyuma ya ukuta, na yeye Jicho aliyekaa karibu na dirisha hakuwa amesikia tone. Mtu aliyekwisha masikio husikiaje bomba la jirani? Jicho akanyanyua kifuniko cha gramafoni, akafungua skrubu mbili ndogo, akakitia kichwa ndani ya kisanduku chake na kwenda nacho kibandani.

Kule ana hadubini ndogo ya kutazamia magurudumu ya saa za wanawake. Alikiweka kichwa chini yake, akazungusha mpaka kikaonekana vizuri, na palepale akaondoa uso. Alifuta kioo kwa kitambaa, akatazama tena, maana aliona aibu kuamini upesi. Kijiti kinachobeba sindano, chembamba kama mguu wa mbu, kilitakiwa kisimame katikati wima. Kilikuwa kimeinama kushoto kama mlevi aliyeegemea ukuta. Na ile chembe ya almasi kwenye ncha haikuwa inatazama chini, ilikuwa inatazama pembeni. Sindano ile haikuwa inausoma mfereji, ilikuwa inaukwangua.

Jicho amerekebisha saa kwa miaka thelathini. Ameona saa bandia, saa zilizookotwa mtoni, saa iliyojazwa sukari na mtoto. Lakini kitu kipya, cha bei ile, chenye kadi ile, kupinda namna ile! Alibaki ameduwaa, mteja amesimama mlangoni anabisha hodi na yeye hasikii.

Alimwita mumewe, akamkalisha kwenye kiti chake na kumwambia atazame. Mwalimu alitazama kwa muda mrefu sana. Alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa. Alisema tu kwamba ameiacha kwaya yake.

Basi ikabidi watoto waambiwe. Binti alipokea habari akiwa zamu, akamwambia mama yake akitume, atakirudisha karakana mwenyewe. Jicho alipiga picha kupitia hadubini, akakifunga kichwa vizuri na kukituma kwa basi. Kisanduku na kadi alibaki navyo nyumbani. Binti alikipeleka karakana, akaandikishwa jina, akaambiwa asubiri.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano, pamoja na kichwa kingine kipya ndani ya kisanduku kingine. Barua iliandikwa kwa adabu zote. Ilisema kichwa namba 4117 kimekaguliwa upya na hakikukutwa na kasoro yoyote. Hata hivyo karakana, kwa kumjali mteja, inambadilishia. Mstari wa mwisho ulipendekeza kwamba mteja, endapo bado hataridhika, amwone daktari wa masikio.

Mwalimu aliisoma sentensi ile mara mbili. Jicho anasema alimwona anapauka kuanzia paji la uso kushuka chini, kama kitambaa kinachochuja rangi. Kisha akaikunja barua kwa utaratibu na kusema, "Wameona kimepinda. Haiwezekani hawajaona. Wamekiona, halafu wameniandikia hivi."

Safari hii kichwa hakikugusa santuri. Kilikwenda moja kwa moja chini ya hadubini. Kijiti kilikuwa kimenyooka, na kwa nukta moja Jicho alishusha pumzi. Kisha akasogeza mwanga. Almasi ilikuwa imezama kwenye tone la gundi kubwa kupita kiasi, kama mguu wa mtu aliyekanyaga tope, na ndani ya lile tope ilikuwa imegeuka upande. Jicho akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeishiwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilikuwa kimejitembeza kwa kisanduku cha mbao na mahameli.

Akiwa bado anacheka aliichukua kadi ya kichwa cha pili. Namba 4302. Tarehe ya wiki iliyopita. Alianza kusoma vipimo, akaacha kucheka. Aliitafuta kadi ya kwanza, akaziweka mezani bega kwa bega. Kipimo cha kwanza kilikuwa sawa. Cha pili sawa. Cha tatu sawa, hadi sehemu ya elfu. Mtu asiye fundi angedhani huo ni ustadi. Fundi anajua kwamba hakuna vitu viwili vilivyotengenezwa kwa mkono vinavyolingana hadi sehemu ya elfu. Hata saa mbili pacha, ukizitega pamoja asubuhi, jioni zimeshagombana.

Hapo likamjia wazo ambalo hakulipenda. Alizibeba kadi zote mbili hadi dirishani, akazipachika moja juu ya nyingine na kuziinua kwenye mwanga wa jua. Saini mbili za bluu zikawa moja. Mkia mrefu ulilala juu ya mkia mrefu, kitone juu ya kitone, hata pale wino ulipokatika kidogo kwenye kona, ulikatika mahali pamoja. Hakuna binadamu anayesaini hivyo mara mbili katika maisha yake. Hii haikuwa imeandikwa na mkono wowote. Ilikuwa imechapwa.

Walikaa pale dirishani, mume na mke, wakipokezana kadi. Mwalimu aliuliza kwa nini bingwa kama yule akubali jina lake lichapwe kama lebo ya kiberiti. Jicho akasema njia ya kujua ni moja. Wakampigia binti simu na kumwagiza aende karakana, asiende kaunta, amtafute Mkaguzi Mkuu mwenyewe, mtu kwa mtu, amuulize.

Binti alikwenda siku yake ya mapumziko, bado ana hasira za ile barua. Langoni alikuta mlinzi mzee anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Alimwamkia, akamtajia jina lililo chini ya saini, akaomba kuonana na mwenyewe. Mlinzi aliweka kikombe chini. Alimuuliza kama yeye ni ndugu wa marehemu.

"Marehemu nani?"

"Huyo uliyemtaja, mwanangu. Mwezi ujao anatimiza miaka miwili kaburini. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza."

Binti ni muuguzi. Habari za vifo ni kazi yake ya kila siku. Lakini marehemu anayesaini kadi hakuwahi kumwona. Alikuwa na kadi ya pili mkobani, mama yake alikuwa ameirudisha kwa basi ili aionyeshe. Aliitoa, akamwonyesha mlinzi tarehe. Mlinzi aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaisoma tarehe kwa sauti ya chini, kisha akatazama nyuma yake kuelekea dirisha kubwa la kioo kana kwamba kuna mtu anamwita. Alimwelekeza nyumba ya mjane, mitaa mitano kutoka pale, mlango wa kijani, karibu na duka la dawa.

Mjane alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Binti alisema shikamoo, akakaribishwa, akaletewa maji, akakaa nayo mkononi bila kujua aanzie wapi. Alijaribu kuanzia mbali, kwa baba yake na gramafoni. Alipofika kwenye kadi, mjane alinyoosha mkono akaichukua.

Alimtambua mumewe kabla hajasoma chochote. Uso ulilainika, akapitisha kidole juu ya mkia wa ile saini na kusema, "Huu mkia nilimcheka nao tangu tukiwa wachumba." Kisha macho yakapanda hadi kwenye tarehe.

Binti anasema mjane hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa tu, kadi mkononi, midomo inahesabu miezi kimyakimya, na alipomaliza kuhesabu akaanza upya, kama mtu anayedhani amekosea hesabu.

Mwishowe mjane alizungumza. Mumewe, alisema, hakufia kazini. Aliondoka karakana mwaka mmoja kabla ya kuugua, na aliondoka kwa ugomvi. Katika kila vichwa kumi alikuwa akikataa vinne. Mwenye karakana wa zamani alimwacha afanye hivyo, ndiyo maana jina la karakana lilikua. Lakini mwenye karakana alifariki na mwanawe akarithi, na huyu alitaka vinne viwe kimoja. Wakamwambia alegeze. Akakataa. Wakamwambia asaini tu, kupima watapima vijana. Siku hiyo alivua koti jeupe, akalikunja mezani, akarudi nyumbani kwa miguu.

"Na vile alivyovikataa," binti akauliza, "vilikuwa vinapelekwa wapi?"

Mjane alisema vilitakiwa kusagwa. Aliinuka, akaenda chumbani, akasikika anafungua mtoto wa meza. Alirudi na daftari nene lenye jalada jeusi. Mumewe hakuwaamini na madaftari ya karakana, alisema, alikuwa na lake. Kila kichwa alichokikataa alikiandika namba yake na sababu. Akavaa miwani, akamwambia binti ataje namba.

"4117."

Mjane alifunua kurasa. Kidole kilishuka taratibu, kikavuka, kikarudi, kikasimama. Alisoma kwa sauti ile ile tulivu: 4117, kataa, kijiti kimeinama kushoto. Ilikuwa ya miaka minne nyuma.

Alimwomba atazame pia 4302, na moyoni alikuwa anaomba isiwepo. Ilikuwepo, kurasa chache mbele. Kataa. Gundi imezidi, almasi imegeuka.

Hapo ndipo mjane alipoketi chini, si kwenye kiti, sakafuni, mgongo ukiegemea kabati. Vitu alivyovikataa mumewe kwa mkono wake vilikuwa vimetolewa kwenye sanduku la vya kusagwa, vikalazwa juu ya mahameli, vikauzwa kwa saini yake. Alikuwa amewakatalia akiwa hai. Walisubiri azikwe, wakamfanya akubali. Binti aliketi sakafuni pembeni yake, na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, alimpigia mama yake simu, akaweka simu katikati yao, akamweleza yote mjane akiwa anasikia.

Kule nyumbani Jicho na Mwalimu walisikiliza vichwa vyao vimegusana juu ya simu moja. Kisha Mwalimu akaomba kusema na mjane. Alimpa pole, akamwambia kwamba mumewe ndiye mtu pekee katika karakana ile aliyemwambia ukweli kuhusu masikio yake. Ila yeye, Mwalimu, amechelewa kuusoma kwa miaka minne.

Mjane alikataa kusubiri kesho. Alijifunga kitambaa kichwani, akalikumbatia daftari, na wote wawili wakarudi karakana kwa miguu. Mlinzi aliwafungulia geti kabla hawajafika.

Mwenye karakana alikuwa mtu wa makamo, mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Alianza kwa kusema ni makosa ya mchapaji. Mjane alifungua daftari kwenye kaunta, akaweka kadi juu ya ukurasa, akamsubiri. Yule bwana alitazama, akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Nyuma ya kioo, watu wa makoti meupe walikuwa wameacha kazi. Mmoja wao, mama wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa akibandika sindano tangu enzi za marehemu, aliinuka, akaenda stoo, akarudi amebeba boksi la viatu. Aliliweka kaunta mbele ya mjane, akaondoa kifuniko.

Lilikuwa limejaa kadi. Mamia. Vipimo vimeshachapwa, saini imeshachapwa, ule mkia mrefu unajirudia mmoja nyuma ya mwingine hadi chini ya boksi. Palipobaki wazi ni pa namba na tarehe tu.

Mjane aliingiza mkono, akatoa chache, akazirudisha. Binti anasema ilikuwa kama kumwona mtu anatazama ndani ya kaburi ambalo alidhani limefungwa. Hata mwenye karakana alionekana kushtuka, kana kwamba hakuwahi kuziona zikiwa pamoja.

"Mama," akasema, "karibu miaka miwili yote wamelalamika watu watano. Watano tu. Sisi tukajua wateja wameridhika."

"Hawakuridhika," mjane akamjibu. "Walimwamini mume wangu kuliko masikio yao."

Hakupandisha sauti. Alichukua boksi, akaliweka juu ya daftari, akaondoka navyo vyote, na hakuna aliyejaribu kumzuia.

Yaliyofuata yalichukua miezi. Mjane alikwenda ofisi ya viwango, na daftari lile jeusi lilifanya kazi ambayo wakili mzima asingeifanya. Karakana ilifungwa kwa muda, ikaamriwa kuwaandikia barua wote walionunua vichwa katika miaka ile, kuwarudishia haki yao, na kueleza wazi kwamba mkaguzi aliyetajwa kwenye kadi hakuwahi kuvikagua, au alivikagua akavikataa. Sentensi hiyo ya mwisho mjane aliiandika mwenyewe na hakukubali ibadilishwe hata nukta. Yule mama wa boksi la viatu hakurudi tena pale. Siku hizi ana meza yake ndogo ya kurekebisha redio.

Jicho alimtafutia mumewe kichwa kingine cha gramafoni kwa mwuza vitu vya mitumba, cha kawaida kabisa, bila kisanduku wala kadi. Alikitazama chini ya hadubini, akanyoosha kidole gumba. Mwalimu aliweka santuri ya kwaya, na sauti nne zikatoka kila moja na njia yake. Alikaa kuisikiliza mpaka mwisho, akaigeuza upande wa pili. Kuhusu kwaya alichelewa. Walishampata kiongozi mwingine, daktari wa meno, kijana hodari. Mwalimu alikwenda Jumamosi moja, akawaambia waimbaji ukweli wote kuhusu ile barua yake, akaomba nafasi kwenye safu ya sauti ya nne. Wakampa. Bado inamuuma, hajifichi.

Katika zile barua za karakana, mjane alikuwa ameomba namba ya simu ya Mwalimu iwekwe, kwa yeyote anayetaka kuuliza. Mwalimu alidhani watapiga wawili watatu. Wa kwanza alipiga asubuhi ya siku ya pili, mwanamume mwenye sauti nzito ambaye hakujitambulisha. Alisema alinunua kichwa miaka miwili iliyopita. Alisema alikuwa mpiga kinanda, kazi yake tangu ujana, na alipoanza kusikia sauti zimegandamana alikwenda kwa madaktari watatu, kisha akaona asijiaibishe. Alivunja mkataba wake hotelini. Kinanda alikiuza. Sasa anasimamia maegesho ya magari.

Mwalimu alimuuliza kama barua ameisoma yote. Yule mtu akasema ameisoma, lakini anaomba asomewe na mtu mwingine, polepole, maana haamini macho yake.

Jicho alikuwa mlangoni na funguo za kibanda mkononi. Alimwona mumewe anavuta kiti, anaketi, anaitafuta nakala yake ya barua ile na kuinyoosha juu ya goti. Upande wa pili wa simu yule mtu alikuwa anapumua kwa nguvu, kama aliyepanda ngazi nyingi. Mwalimu akaanza kumsomea kutoka mstari wa kwanza.